Kamera ya video ya nyumbani: kabla hujaenda Kariakoo soma hii kwanza

Kila ikifika msimu wa mahafali na sendofu simu yangu haipumziki, ndugu na majirani wanapiga wanauliza nataka kamera ya kurekodi watoto, ninunue ipi, na wengi hawajamaliza swali wanaongeza "ila iwe 4K". Mi huwa siwatajii aina kwanza. Nawauliza utamrekodi nani, atakuwa wapi, na je anaongea au anacheza? Mtu akishindwa kunijibu hapo namwambia asubiri kidogo asiende dukani, maana atarudi na kitu ambacho kimeandikwa namba nyingi kwenye boksi halafu kwenye shughuli yenyewe hakimsaidii.

Niwaambie kwanini nashika sana hili jambo. Mwaka 2016 tulikuwa na arobaini ya mtoto wa kaka yangu pale Mbagala Kizuiani, na bibi yetu mzaa baba akaamua siku hiyo kutueleza jina la mtoto limetoka wapi, nani alikuwa nalo kwanza kule Rufiji, na jinsi babu alivyokuja mjini. Nilikuwa na kamera ndogo ya mkononi niliyonunua miezi miwili nyuma, picha yake kali kabisa. Nikakaa mlangoni, nikavuta zumu mpaka uso wa bibi ukajaa kwenye kioo, nikarekodi dakika 20 na kitu. Bibi akaja kufariki baadaye, na siku tulipokusanyika tukasema tuiangalie ile video, tukawasha kwenye tivii. Uso wa bibi unaonekana mpaka mikunjo ya kwenye kope, ila kinachosikika ni feni la juu, vuuu mwanzo mwisho, na bodaboda nje, halafu vipande vya maneno, "ndo babu yenu akasema..." kisha feni tena. Jina limetoka wapi mpaka leo tunabishana.

Kwahiyo kwangu mi kamera ya nyumbani inachaguliwa kwa sikio kwanza, picha inafuata. Nitaeleza yote, ila huko ndo naanzia na ndo nitakokaa sana.

Sauti iko hivi. Kamera zote hizi zina maiki ndogo mbele au juu, na kazi yake ni kusikia kila kitu kilicho jirani nayo. Ukivuta zumu picha inasogea, maiki haisogei hata hatua moja, bado iko mlangoni na we. Halafu ndani kuna mtambo unaopandisha na kushusha sauti wenyewe, yaani bibi akinyamaza kuvuta pumzi kamera inadhani pamekuwa kimya sana inapandisha, na kinachopanda ni feni. Bora hata ukae hatua mbili kutoka kwa anayeongea bila zumu kuliko kukaa mbali na zumu mara 30. Ila dawa yenyewe hasa ni kamera yenye tundu la maiki, lile dogo la milimita 3.5 kama la hedifoni za simu, unachomeka maiki ya kubana kwenye shati au kanga, shubiri moja hivi chini ya kidevu, basi. Maiki za waya za kubana bei yake sio ya kutisha. Za bila waya ni nzuri zaidi kwa watu wanaotembea, ila lazima uzichaji, na lazima ukumbuke kuziwasha, hapo wengi tunakosea.

Tundu la pili muhimu ni la hedifoni. Huwezi kujua kinachoingia kama husikii, na masikio yako yakiwa wazi yanakudanganya kwa sababu ubongo umeshazoea feni, hauisikii tena. Vaa hedifoni, utashangaa. Kwenye boksi au kwenye kava la ubavuni tafuta alama ya maiki na alama ya hedifoni, zisipokuwepo muulize muuzaji, na usikubali "ipo ipo" bila kuonyeshwa. Mfano Sony HDR-CX405, ambayo nimeiona kwa watu wengi kwa sababu ni nyepesi na ina zumu ya lenzi mara 30, haina tundu la maiki kabisa. Kwa watoto wanaocheza mpira uwanjani haina shida, kwa kumrekodi mzee anayesimulia mi nisingeichukua. Sony FDR-AX53 na Panasonic HC-V785 zina matundu yote mawili, na bei imepanda ipasavyo.

Na upepo, jamani. Ukienda Coco Beach au Kigamboni upepo wa baharini ukipiga kwenye maiki unatoa mngurumo unaofunika kila neno. Kuna vile vifuniko vya manyoya, vinavalishwa kwenye maiki, vinasaidia mno. Menyu nyingi pia zina sehemu ya kupunguza upepo, iwashe nje na uizime ndani maana inakata besi ya sauti ya mtu.

Sasa, je unahitaji kamera kweli? Nakuuliza kwa nia njema. Kama una simu nzuri na unachorekodi ni mtoto anajifunza kutembea sebuleni, nunua stendi ya simu na maiki ya kubana, umemaliza. Kamera ya video inaanza kuwa na maana pale unapohitaji kuvuta kitu cha mbali bila picha kuharibika, kama mahafali ya chekechea umewekwa viti vya nyuma na mwanao yuko jukwaani, au pale unaporekodi masaa matatu mfululizo harusini na hutaki simu ijae, ipate moto, au mtu akupigie katikati ya viapo. Halafu jambo jingine, kamera unaweza kumpa mpwa wako wa miaka 12 ashike shughuli nzima, simu yako huwezi kumwachia. Kuna watu wananunua kamera za picha za kawaida wakitegemea video, zinatoa picha nzuri sana kweli, ila uliza kwanza inarekodi muda gani bila kukata, maana nyingi za zamani kidogo zilikuwa zinasimama zenyewe dakika 29 na sekunde 59. Kamera ya video haikusimamishi hivyo, inaenda mpaka kadi ijae au betri iishe.

Ukishaamua, njoo kwenye mtego mkubwa wa madukani. Kuna hizi kamera za bei chee zimejaa, boksi limeandikwa 4K, megapikseli 48, zumu mara 16 au 18, na ndani ya boksi wanakupa maiki, kifuniko, rimoti, yaani unajiona umeokota dodo. Picha ya 4K ni pikseli, yaani vinukta vinavyojenga picha, 3840 kwa 2160, ya Full HD ni 1920 kwa 1080, hiyo ni kweli. Ila kuandika faili la ukubwa huo ni jambo moja na kuona kwa ukubwa huo ni jambo jingine. Nyingi ya hizi zina sensa ndogo, yaani kile kijicho cha ndani kinachopokea mwanga, inaona kidogo halafu programu inaitandaza, kama donge la chapati moja ukilisukuma mpaka lienee sinia nzima, litaenea lakini litachanika. Na zumu yake ni ya kidijitali, inakata tu kipande cha picha na kukikuza. Lenzi haijasogea, na nyingi hata fokasi hazina, zimewekwa umbali mmoja kiwandani zikabaki hapo.

Juzi nilimsindikiza dada mmoja jirani yangu wa Tabata, tukaingia duka moja pale Kariakoo. Kijana akatutolea moja hivi. "Dada hii ni 4K kabisa, megapikseli 48, wanachukua sana." Nikamwambia kaka nashukuru, naomba uiwashe na wewe usimame hapo mlangoni, mwanga wa nje uwe nyuma yako. Ilikuwa kama saa sita mchana, barabara inawaka. Uso wake ukawa kivuli kitupu, macho hayaonekani, na nyuma yake barabara imekuwa nyeupe yote. Nikagusa uso wake kwenye kioo, hakuna kilichobadilika. Nikavuta zumu kwenye bango la duka la ng'ambo, herufi zikapasuka vipande vipande mpaka husomi. Nikashika risiti karibu na lenzi, kiganja kimoja hivi, ikabaki ukungu. Kwa dakika mbili nikawa nimemaliza. Nikamwomba atoe ile kamera iliyotumika iliyokuwa pembeni, Full HD tu, haina makeke, nikarudia yaleyale. Nilipogusa uso ukapanda mwanga taratibu mpaka nikaona jasho kwenye paji, bango la ng'ambo nikasoma mpaka namba ya simu, risiti ikatulia baada ya sekunde moja. Jirani yangu hakuhitaji maelezo tena.

Hayo majaribio matatu yafanye hata kama unaona aibu. Mtu kwenye mwanga wa nyuma, bango la mbali, karatasi ya karibu. Muuzaji mwenye kitu kizuri hakatai.

Hili la mwanga niliongeze kidogo kwa sababu linatuhusu sana sisi. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe inatafuta wastani wa picha nzima. Bibi harusi kavaa shela jeupe, bwana ana kanzu nyeupe, ukumbi una mapambo meupe, kamera inasema hapa pana mwanga mwingi inapunguza, na nyuso zetu nyeusi zinazama. Hiyo sio kosa la nyuso. Unachohitaji ni kamera inayokubali uguse uso kwenye kioo ili ipime mwanga hapo, au yenye sehemu ya kuongeza eksposha, yaani mwanga wa picha, kwa mkono, ongeza kidogo tu mpaka uone macho. Shela likipoteza urembo wake kidogo hakuna atakayelalamika, uso wa bibi harusi ukipotea utaulizwa miaka. Na kwa ndani, usiku, ukubwa wa sensa ndo unaamua. Zile ndogo za inchi 1/5.8 usiku zinatoa chengachenga kama tivii ya chogo isiyo na antena, za inchi 1/2.5 zina nafuu, na zikifika inchi 1 kama Sony FDR-AX100 hapo unarekodi hata kwa taa moja ya sebuleni, ila bei yake ni ya mtu anayefanya kazi nayo. Kwa familia ya kawaida mi nasema chukua ya katikati na ununue taa ndogo ya kuchaji. Mchana epuka jua la utosini, sogeza watu kwenye kivuli cha mwembe au chini ya baraza, au subiri saa kumi na moja jioni, utapata nyuso nzuri bila kugusa kitufe chochote.

Kuna kitu wauzaji wengi hawakuambii, umeme. Umeme wetu Tanzania ni hezi 50, yaani unapiga mawimbi 50 kwa sekunde, Marekani ni 60. Taa zetu za tyubu na nyingi za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni lakini kamera inaona. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani inarekodi fremu, yaani picha moja moja, 60 au 30 kwa sekunde, haziendi sawa na taa zetu, unapata picha inayopumuapumua au michirizi inayotembea juu chini, na huko ukumbini kwenye tyubu ishirini ndo balaa. Za soko la Uingereza na Ulaya zinarekodi 50 au 25, zinaendana na hapa kwetu. Angalia kwenye menyu ya ubora wa picha, ukiona 50p au 50i ni ya huku, ukiona 60p au 60i ni ya kule, na kamera nyingi za nyumbani hazibadilishiki. Kama shangazi yako ameshakutumia ya Marekani usiitupe, tafuta shata kwenye menyu, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, uiweke 1/100 ya sekunde ukiwa ndani, kila fremu itakula mpepeso mmoja mzima na michirizi itatulia. Kama haina sehemu ya kuweka shata kwa mkono basi itumie nje, juani inafanya kazi vizuri tu. Za kutoka Japani kuna jambo la ziada, nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe menyu yake ni Kijapani peke yake, hamna kubadilisha lugha, hakikisha kabla hujatoa hela. Chaja haina tatizo sana, soma pale chini pameandikwa INPUT, ikiwa 100-240V inakula umeme wetu, unatafuta plagi tu ya kugeuzia.

Zumu nishaigusia, tazama namba ya zumu ya lenzi, ile ya kidijitali ifute kichwani kabisa, na ikiwezekana izime kwenye menyu. Mara 20 inatosha ukumbini na uwanja wa shule. Watu wanasahau upande wa pili, upana. Sebule zetu ni ndogo, makochi yamejaa, unataka watu sita waonekane na mgongo wako uko ukutani tayari. Kwenye maelezo ya kamera tafuta namba ya milimita iliyoandikwa kwa kipimo cha 35mm, sio ile ndogo iliyochapwa kwenye lenzi, lenzi inayoanzia 26 mpaka 29 inabeba sebule, ukiona inaanzia 38 au 40 na kitu, kama zilivyokuwa nyingi za zamani, utaishia kurekodi kutoka koridoni. Na mtikisiko, chukua yenye kutuliza kwa lenzi, hiyo AX53 lenzi nzima ndani inaelea, unatembea nayo na picha haikutapishi. Kwa hotuba na simulizi weka kwenye stendi, mkono wa binadamu unachoka dakika ya kumi.

Kadi. Hapa kuna hesabu rahisi ambayo itakuokoa. Kwenye menyu utaona ubora kwa megabiti kwa sekunde, mfano 24. Gawanya kwa 8 upate megabaiti, hapo ni 3, zidisha kwa sekunde 3600 za saa moja, unapata 10,800, yaani kama GB 11 kwa saa. Kadi ya GB 64 itakupa masaa matano na ushee. Ya 4K ya megabiti 60 ni GB 27 kwa saa, kadi ileile inakupa masaa mawili na kidogo, ya megabiti 100 ni GB 45 na hapo 64 haifiki hata saa moja na nusu. Ndo maana nawaambia watu Full HD ya 50p kwa shughuli za familia inatosha sana, inacheza laini mtu akicheza ngoma, haijazi kompyuta, na kwenye tivii ya sebuleni mama mkwe hataona tofauti. Chukua kadi iliyoandikwa 10 ndani ya duara la C au U1, kwa 4K ya megabiti 100 lazima U3 au V30. Kamera za zamani kidogo zinasoma SDHC tu ambazo mwisho wake ni GB 32, ukiweka kubwa zaidi inagoma, angalia.

Na kadi feki zipo tele. Imeandikwa 128 kumbe ndani ni 8, inakubali kurekodi bila kelele halafu kinachozidi kinapotea. Ukinunua usiipeleke moja kwa moja harusini. Ichomeke kwenye kompyuta uipime kwa programu inaitwa H2testw, ni ya bure, inajaza kadi yote halafu inasoma tena. Huna kompyuta? Iache kamera irekodi ukuta mpaka kadi ijae, kisha cheza zote toka ya kwanza mpaka ya mwisho kabisa, maana kadi nyingine feki zinaandika mpya juu ya zile za mwanzo. Zikicheza zote mpaka sekunde ya mwisho uko salama.

Betri nitaenda haraka. Ile inayokuja na kamera ni ndogo, itakupa saa moja hivi ya kweli ukizima na kuwasha, nunua ya pili kabla ya shughuli. Kwa Sony zinazotumia familia ya FV namba ikipanda, 50, 70, 100, betri inakuwa kubwa na inakaa zaidi. Epuka kamera ambayo betri imefungwa ndani haitoki, ikichoka miaka mitatu mbele kamera nzima inakuwa pambo, na uliza kama inakubali kurekodi huku inachajiwa kwa pawabenki, siku umeme ukikatika ukumbini utaelewa.

Kwa wanaonunua iliyotumika, ambayo kusema ukweli ndo njia ninayoipenda kwa mwenye hela ya mawazo, chukua tochi ya simu. Mulika lenzi kwa ubavu, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani hiyo ni kuvu, iache hata kama anapunguza bei. Funga kifuniko cha lenzi, rekodi giza sekunde kumi, cheza, ukiona nukta nyeupe au nyekundu zisizosogea ni pikseli zimeharibika. Fungua na kufunga kile kioo cha pembeni mara kumi huku ukikizungusha, kikizimazima ujue waya wa ndani umechoka. Chomeka maiki na utikise waya taratibu ukiwa umevaa hedifoni, ikikwaruza tundu limelegea. Halafu rekodi dakika tano, toa kadi, irudishe, cheza. Za kanda za MiniDV usinunue za kurekodia, kanda zimekuwa shida na kompyuta za sasa hazina tundu lake la FireWire. Isipokuwa kama nyumbani mna kanda za zamani kabatini, hapo tafuteni moja nzima hata ya kuazima na kompyuta ya zamani mzihamishe sasa hivi, kanda zinaota ukungu na hazisubiri.

Hali ya hewa yetu hapa Dar nayo ina la kusema. Unyevu na chumvi ya bahari vinakula kamera kimyakimya, hasa ile inayokaa kabatini ikisubiri harusi. Usiiweke kwenye begi lake la ngozi miezi, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye boksi la viatu vya kunyonya unyevu, na kila wiki mbili tatu itoe uirekodishe kitu. Ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje lenzi inatoka jasho, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa izoee joto taratibu, usiifute futa. Ufukweni usifungue mlango wa kadi wala betri, chembe moja ya mchanga inatosha.

Ukisharekodi, hamisha siku hiyohiyo. Kama kamera inakupa kuchagua kati ya AVCHD na MP4, ambazo ni aina mbili za faili la video, na hujui utahariri kwa programu gani, chagua MP4, inacheza kwenye simu na tivii bila ubishi. Ukirekodi AVCHD nakili folda nzima kama ilivyo, usichomoe vile vifaili vya MTS kimoja kimoja, maana video ndefu inakatwa vipande na maelezo ya kuviunganisha yako kwenye folda zile nyingine, ukiyaacha utapata pengo dogo kila kipande kinapoishia, na pengo linaangukia katikati ya neno. Weka nakala kwenye hadidiski mbili, moja ikae kwa ndugu mtaa mwingine, mafuriko yakija Jangwani au mwizi akiingia Sinza sio zote zitaondoka. Kadi usiifute mpaka umeangalia nakala mwanzo mpaka mwisho na sauti umeisikia.

Na omba ruhusa. Kicheni pati na unyago kuna mambo ya kina mama ambayo hayatoki nje, msibani kuna watu hawataki kuonekana wakilia, mzee anaweza kukwambia hapa zima, zima kweli.

Mwezi uliopita nilienda kwa mama Kigamboni na kamera ninayotumia sasa, ni Full HD tu, niliinunua imetumika. Nilizima feni. Nikambana maiki kwenye upindo wa kanga, nikaweka kamera kwenye stendi pembeni ya mlango ili mwanga umpige ubavuni, nikavaa hedifoni, nikabonyeza na kusubiri sekunde tano kabla sijauliza chochote, maana kamera nyingine zinameza mwanzo. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, hakuacha, nikasikia chwa, chwa, na bangili zake zinagonga ukingo wa ungo. Nikamwambia mama, lile jina la mtoto wa kaka, bibi alisemaje? Akacheka kwanza, akasema we nae, si alisema mbele yenu wote, na akaanza upya toka Rufiji.